Walipima Maji, Walipima Jeraha, Walipima Moyo

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita hapa Mwanza mbele ya wanafunzi wa historia, walimu na wazazi. Waliokosa kufika wameniomba maandishi yake, kwa hiyo naiweka yote kama nilivyoisema. Picha za ukutani tu ndizo nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanangu mliokaa huku mbele. Wakubwa, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Naanza na swali. Nani leo asubuhi ameyaona maji ya ziwa? Naona mikono yote, na hapa Mwanza ningeshangaa kusingekuwa hivyo. Sasa nani anajua maji hayo yanakwenda wapi? Yanatoka ziwani pale Jinja, yanapita Uganda, yanaingia Sudan Kusini, na huko yanatawanyika kwenye kinamasi kikubwa ambako jua hunywa mengi. Yanayobaki yanafika Khartoum, yanakutana na Nile ya Buluu inayoshuka kutoka milima ya Ethiopia, kisha yanavuka jangwa mpaka Misri. Kwa hiyo nikisimama hapa kuzungumza habari za Misri ya kale, sizungumzi habari za wageni. Nazungumza habari za watu waliokaa mkiani mwa mto ambao sisi tumekaa kichwani mwake.

Nimefundisha historia miaka 31. Kila nilipouliza darasani, "Wamisri wa kale walifanya nini?", jibu la kwanza lilikuwa piramidi, na la pili maiti zilizokaushwa. Sikatai. Piramidi kuu ya Farao Khufu pale Giza ilisimama mita 146 kwenda juu, miaka zaidi ya 4,500 iliyopita, na kila anayeiona hunyamaza kwanza. Lakini piramidi ni kaburi. Mimi leo nataka tuzungumze habari za waliokuwa hai: waliolima, waliotibu, waliosali na waliohesabu. Na nimepata neno moja la Kiswahili linalowakusanya wote. Neno hilo ni kupima.

Hebu lisikilizeni vizuri. Fundi hupima kiwanja. Muuza mchele hupima kwa kilo, na bibi zetu walipima kwa pishi na kibaba. Daktari hupima mgonjwa. Mtu mwenye busara hupima maneno yake kabla ya kuyatoa. Na wazee wa pwani walikuwa na kipimo kiitwacho pima, ule urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, sawa na dhiraa nne. Lugha nyingine zina neno moja la shamba, jingine la mgonjwa, jingine la mizani. Sisi tuna moja kwa yote. Liwekeni akilini, tutalirudia.

Tuanze na shamba, maana bila shamba hakuna daktari wala kuhani.

Misri karibu haina mvua. Kilichokuwepo ni mto, na mto ule ulikuwa na tabia yake: kila mwaka, katikati ya kiangazi, mvua za Ethiopia zilishuka, maji yakapanda, yakavuka kingo, yakafunika mashamba, kisha yakarudi na kuacha tope jeusi lenye rutuba. Wenyewe waliita nchi yao Kemet, yaani nchi nyeusi, kwa sababu ya tope hilo. Mwaka wao ulikuwa na majira matatu ya miezi minne minne: majira ya mafuriko, majira ya mimea kuota, majira ya mavuno. Kalenda yao ilikuwa shamba lao.

Lakini je, waliketi tu kusubiri mto uwagawie? Hapana. Walijenga matuta, wakagawa bonde vipande vipande, wakayaingiza maji, wakayafungia humo wiki kadhaa mpaka ardhi ishibe, kisha wakayafungulia yaende kwa jirani aliye chini. Ninyi mliotoka Magu, Kwimba na Shinyanga, hiyo mnaiitaje? Majaruba! Ndiyo, ni majaruba, ila ya ngano na shayiri badala ya mpunga, na yalipangwa bonde zima. Kuna kichwa cha rungu la jiwe, cha miaka ipatayo 5,000 iliyopita, kilichohifadhiwa Oxford. Kimechongwa picha ya mfalme amevaa taji lake. Ameshika nini mkononi? Si upanga. Ameshika jembe, na mbele yake ni mfereji. Huyo ni mfalme aliyetaka vizazi vijavyo vimkumbuke akiwa kazini kwenye mfereji, na mimi nampenda kwa hilo.

Kisha wakapima. Kisiwani Elephantine, karibu na Aswan, kuna ngazi za mawe zinazoshuka hadi mtoni, na ukutani pamechorwa alama za dhiraa. Karani alishuka, akasoma maji yamefika wapi, akaandika. Mrumi mmoja, Plinio, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, aliandika hesabu yake: maji yakifika dhiraa 12, Misri ina njaa. Dhiraa 13, bado ina njaa. Dhiraa 14, furaha. Dhiraa 15, moyo umetulia. Dhiraa 16, neema tele. Fikirini! Kati ya njaa na furaha kuna tofauti ya dhiraa moja hadi mbili, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, mara moja au mbili. Na maji yakizidi mno, matuta yanabomoka na vijiji vinakwenda na maji. Kwa kusoma ukuta ule waliweza kukisia mavuno ambayo hayajapandwa, na serikali ikakisia kodi.

Mimi nimezaliwa milimani Upare, wilaya ya Same. Kwetu maji hukusanywa usiku katika bwawa dogo liitwalo ndiva, na asubuhi hufunguliwa kwa zamu. Nikiwa na miaka kama kumi nilitumwa kulala kando ya ndiva na mjomba wangu, kwa sababu maji yalikuwa yanapungua na hakuna aliyejua kwa nini. Usiku wa manane tukasikia udongo unachimbwa. Jirani yetu, mtu wa heshima, mtu wa kanisani, alikuwa anafungua mfereji kuelekea shamba lake. Mjomba hakupiga kelele. Alikohoa tu. Yule mtu akasimama na jembe lake gizani, kisha akaanza kulia. Maharage yake yalikuwa yanakauka na ana watoto saba. Wazee walikaa, wakamtoza mbuzi, na wakampa zamu ya ziada wiki ile. Nakiri kwamba sijawahi kusahau kile kilio. Kumbukeni huyu mtu wa maji, kwa sababu tutakutana naye tena.

Sasa twende kwa daktari.

Mwaka 1862, pale Luxor, Mmarekani mmoja aitwaye Edwin Smith alinunua gombo la kale. Gombo lenyewe limetengenezwa kwa mafunjo, yale yale yanayoota kandokando ya ziwa letu na ambayo hapa tunasukia mikeka. Liliandikwa karibu mwaka 1600 kabla ya Kristo, na lugha yake inaonyesha kwamba lilinakiliwa kutoka maandishi ya zamani zaidi. Leo liko New York, na tafsiri yake kamili ilitolewa mwaka 1930 na James Henry Breasted. Ndani yake mna wagonjwa 48. Wanaanza kichwani: majeraha ya fuvu, pua, taya, kisha shingo, bega, kifua, na kushuka.

Kila mgonjwa ameandikwa kwa mpango mmoja. Kwanza, jina la jeraha. Pili, unavyompima. Tatu, hukumu. Nne, tiba. Na katika mgonjwa wa kwanza kabisa, mwandishi anasimama kueleza neno "kumpima mtu" lina maana gani. Anasema ni kama kupima nafaka kwa kipimo, ni kama kuhesabu kitu kwa vidole, ili kujua. Kisha anasema tabibu aweke vidole kichwani, mikononi, miguuni, kwa sababu moyo husema kupitia mishipa ya kila kiungo. Mnasikia? Shamba na mgonjwa, neno moja! Kile ambacho Kiswahili chetu kinakifanya bila kufikiri, yule mwandishi alikaa akakieleza miaka 3,600 iliyopita. Siku niliposoma mistari ile nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea.

Gombo hilo ndilo andiko la kale zaidi tunalolijua linalotaja ubongo. Mwandishi alimwona mtu aliyepasuka fuvu, akatazama ndani, akasema kuna mikunjo kama mawimbi juu ya shaba iliyoyeyushwa. Huyo alikuwa ameangalia kwa macho yake.

Lakini nataka tukae kwenye ile hukumu. Hukumu zilikuwa tatu tu. Ya kwanza: "Huu ni ugonjwa nitakaoutibu." Ya pili: "Huu ni ugonjwa nitakaopambana nao." Ya tatu: "Huu ni ugonjwa usiotibika." Mgonjwa wa 31 ni mtu aliyeteguka mfupa wa shingo. Hana habari ya mikono yake wala miguu yake, na mkojo unamtoka bila yeye kujua. Hukumu yake ni ya tatu.

Wanangu, mimi nilikuwa na kaka. Alianguka kutoka kwenye mwembe nikiwa darasa la tano. Mzee mmoja wa kijiji, fundi wa kuunga mifupa, alipiga magoti kando yake. Akamfinya kidole cha mguu, akamuuliza, "Unasikia?" Akamfinya kiganja. "Na hapa?" Kisha akasimama, akamvuta baba pembeni, akamwambia, "Huyu simuwezi. Mpelekeni hospitali, lakini jiandaeni." Hakuomba hata senti. Baba alimchukia mzee yule kwa muda mrefu. Mimi nimemwelewa baadaye sana, nilipokutana na mgonjwa wa 31. Mganga anayesema "simuwezi" amempima mgonjwa kweli. Asiyesema hivyo hata siku moja, mwogopeni.

Sitawaficha upande wa pili. Gombo jingine, lililoko Leipzig, lina urefu wa mita kama 20 na dawa zaidi ya 800, na humo utakuta asali, utakuta vitunguu, na utakuta pia kinyesi cha wanyama na maneno ya kufukuza pepo. Asali tunajua leo kwamba huua vijidudu kwenye kidonda. Kinyesi, hapana. Walikosea, na walikosea sana. Ila kuna jaribio lao moja la mimba linalonifurahisha: mwanamke anakojolea mbegu za ngano na shayiri kila siku, zikiota ana mimba. Mwaka 1963 wataalamu wa Misri walilijaribu maabara, wakaona mkojo wa wajawazito uliotesha mbegu kwa kiasi cha asilimia 70. Ile sehemu ya kutabiri mtoto wa kiume au wa kike haikufanya kazi kabisa.

Na mabinti, msiondoke bila jina hili: Peseshet. Aliishi zaidi ya miaka 4,300 iliyopita, na cheo chake kimechongwa kwenye jiwe: msimamizi wa matabibu wanawake. Ukisimamia matabibu wanawake, maana yake wapo.

Sasa dini. Najua tumekaa hapa Wakristo na Waislamu, na sikuja kumtoa mtu kwenye imani yake. Nataka tuone walichokiogopa.

Waliogopa mizani. Waliamini kwamba mtu akifa, moyo wake huwekwa upande mmoja wa mizani, na upande wa pili huwekwa unyoya wa Maat. Maat ni ukweli, ni haki, ni mpangilio wa dunia, vyote kwa pamoja. Moyo ukiwa mzito kwa dhambi, kuna mnyama mwenye kichwa cha mamba anayesubiri kuula. Mbele ya waamuzi 42, marehemu hutaja mambo ambayo hakuyafanya. Sikuiba. Sikuua. Sikumliza mtu. Sikupunguza kipimo cha nafaka. Sikuongeza uzito kwenye mizani. Na humo humo, katikati ya makosa makubwa namna hiyo, yapo haya: sikuzuia maji katika majira yake. Sikujenga tuta mbele ya maji yanayotembea.

Jirani yetu wa ndiva! Mnamwona? Amesimama gizani na jembe lake. Watu wa jangwani waliweka kosa lake kwenye hukumu ya milele, kwa sababu walijua kwamba anayeziba maji juu anaua mtoto chini. Kwao dini haikukaa hekaluni peke yake. Ilishuka mpaka mfereji, mpaka pishi, mpaka kidole cha muuzaji kinachobonyeza mizani.

Hapa kuna jambo linalonisumbua, na sitalipita kimya. Magombo yenye maneno hayo yaliuzwa. Mengine yaliandikwa tayari, pakaachwa nafasi wazi ya jina la mnunuzi. Mwenye mali alikwenda kaburini na tamko lake limeshakamilika, na mkulima aliyebeba tope maisha yake yote alizikwa mchangani bila karatasi. Niliwahi kumweleza bibi yangu habari hii, naye alikuwa akiuza mahindi gulioni kwa pishi. Alicheka kwa huzuni, akasema, "Kwa hiyo moyo ulipimwa, ila karatasi ndiyo iliyosoma mizani." Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Nimebakiwa na hesabu na nyota, na mwenyekiti ananitazama. Nitakwenda haraka.

Karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo karani aitwaye Ahmes alinakili gombo la hesabu ambalo leo liko London. Aliandika jina lake, na akasema ananakili kazi ya zamani. Swali moja humo wanafunzi wangu walilipenda kila mwaka. Kuna nyumba 7, kila nyumba ina paka 7, kila paka amekula panya 7, kila panya angekula masuke 7 ya ngano, kila suke lingetoa vipimo 7 vya nafaka. Jumla ya vyote ni ngapi? Chukueni kalamu. Ni 19,607. Katika hesabu ile ya paka mna somo la mkulima: panya mmoja unayemwacha ghalani ni nafaka nyingi usizoziona.

Nao walizidisha bila kukariri jedwali. Njia yao kuu ilikuwa kuongeza maradufu. Mama ana mafungu 13 ya dagaa, kila fungu shilingi 300. Moja ni 300, mawili 600, manne 1,200, manane 2,400. Kumi na tatu ni nane na nne na moja. Jumlisha: 3,900. Nimewaona kina mama wa Kirumba wakifanya hivyo kichwani kabla sijamaliza kutoa simu mfukoni.

Angani walitafuta nyota moja, ing'aayo kuliko nyota zote za usiku. Hupotea karibu siku 70, kisha huonekana tena alfajiri kabla ya jua, na katika zama zao ilirudi wakati mto unakaribia kupanda. Ikawa kengele yao. Mwaka wakaufanya miezi 12 ya siku 30, na siku 5 mwishoni. Zikawa 365. Ilibaki robo siku, na kwa robo hiyo kalenda yao iliteleza siku moja kila miaka minne mpaka ikaachana na majira yenyewe. Mwaka 238 kabla ya Kristo, chini ya Mfalme Ptolemaio wa Tatu, ilitangazwa kwamba kila mwaka wa nne iongezwe siku moja. Watu hawakuifuata. Ilikuja kushika baadaye, chini ya Warumi. Na kalenda hiyo haijafa: vukeni Kenya muingie Ethiopia, mtakuta watu wana miezi 12 ya siku 30, na mwezi wa 13, Pagume, wa siku 5 au 6. Mwaka wao mpya unaangukia Septemba.

Mwenyekiti sasa amenionyesha saa yake mara ya pili. Basi nimalizie na hiyo hiyo saa. Wamisri ndio walioupa mchana saa 12 na usiku saa 12. Pale Karnak kulipatikana chombo cha jiwe chenye tundu chini na mistari ndani, cha wakati wa Farao Amenhotepu wa Tatu. Kilijazwa maji, yakavuja taratibu, na mstari ukaonyesha saa ya usiku. Hata muda waliupima kwa maji! Ila kwao mchana wa kiangazi ni mrefu, kwa hiyo saa za mchana zilirefuka, na wakati wa baridi zikafupika. Mistari ya kile chombo hubadilika mwezi kwa mwezi kwa sababu hiyo. Hapa kwetu, karibu na ikweta, jua halitusumbui namna hiyo. Tunahesabu kutoka machweo na macheo mwaka mzima: saa moja asubuhi, saa moja usiku, kumi na mbili kwa kumi na mbili.

Saa yangu inasema ni saa kumi na moja na robo jioni. Tuna zaidi ya saa nzima kabla jua halijazama ziwani. Kijana wa nyuma pale, mwenye sweta la bluu, umenyoosha mkono tangu nilipotaja kinyesi. Karibu, uliza swali lako.